Kura Mbili za Shabiki wa Kandanda

Kiswahili kina neno moja, kura, ambalo limebeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Kura ni kile kijiti au kijikaratasi kinachookotwa bila kutazamwa ili bahati iamue. Kura pia ni ile karatasi ambayo mpigaji huitia alama macho yakiwa wazi ili aamue yeye. Anayeokota kura ya kwanza hana lawama kwa litakalotokea. Anayeipiga ya pili hawezi kuikwepa lawama hata akitaka. Shabiki wa kandanda wa Nakuru, na wa Bonde la Ufa la kati kwa jumla, amebobea katika kura ya kwanza kiasi cha kuisahau ya pili, na makala haya yanadai kwamba usahaulifu huo umeigharimu soka ya Kenya kuliko kundi lolote gumu ambalo timu ya taifa imewahi kuangukia.

Ushahidi wa karibu ni wa mwezi wa Januari 2025. Tarehe 15 ya mwezi huo, katika jumba la KICC jijini Nairobi, Shirikisho la Kandanda Barani Afrika, CAF, lilipanga makundi ya fainali za CHAN, mashindano ambayo kila taifa huwakilishwa na wachezaji wanaosakata kabumbu katika ligi ya nyumbani pekee. Wenyeji walikuwa Kenya, Uganda na Tanzania. Kenya ilijikuta katika Kundi A pamoja na Moroko, Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kongo ilikuwa imelitwaa kombe hilo mwaka 2009 na 2016. Moroko ikalitwaa katika makala ya 2018 na yale ya 2020 yaliyochezwa mwaka uliofuata. Kwa hivyo, kati ya mataji saba yaliyokuwa yamekwisha kunyakuliwa, manne yalikuwa yamerundikana katika kundi moja na timu ambayo haikuwa imewahi kushiriki hata mara moja.

Nakuru si ugenini kwa mchezo huu. Klabu ya Nakuru All Stars ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963, ikaurudia mwaka 1969. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyoufanya Uwanja wa Afraha kuwa nyumbani kwake kwa miaka mingi, ilishinda ligi mara tatu mfululizo kuanzia 2003 hadi 2005, kisha tena 2010. Wazungumzaji wa mpira wa hapa basi ni warithi wa kitu. Nenda kwenye steji za matatu ziendazo Njoro na Molo, keti katika duka la kinyozi mtaani Bondeni au kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira kule Kaptembwo, na utasikia mtu aliyeacha shule mapema akitaja matokeo ya miaka ishirini iliyopita bila kukosea, na mwingine akimkosoa kwa tofauti ya bao moja. Ni mjadala wa kina, una ushahidi, na unafanywa kwa Kiswahili.

Mwanafunzi wa sarufi atakayetega sikio hapo atagundua jambo ambalo vitabu vyake havikumwambia. Kabla ya makundi kupangwa, shabiki hutumia -ki-: tukipangwa na fulani, tutapita. Vijikaratasi vinapofunuliwa tu, -ki- hutoweka na -nge- ikashika hatamu: tungepangwa na fulani, tungepita. Walimu wa isimu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wazungumzaji wa bara wameiua -ngali-, na kwamba masharti yasiyowezekana tena hawayatenganishi na yale ambayo bado yana mlango. Malalamiko hayo yana ukweli kuhusu umbo. Kuhusu maana, -ngali- iko hai na inanawiri Nakuru, ila imevaa kanzu ya -nge-. Januari 2025, miezi zaidi ya sita kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, shabiki alikuwa tayari akisema juu ya timu yake kama asemavyo mtu juu ya marehemu: angalikwenda hospitali nyingine, angalipona.

Tanga la mapema namna hiyo lilipewa jina, kundi la kifo. Msemo huu haukuzaliwa pwani wala bara. Huhusishwa na magazeti ya Meksiko wakati wa Kombe la Dunia la 1970, pale Brazili na Uingereza, bingwa mtetezi, zilipokutanishwa katika kundi moja pamoja na Chekoslovakia na Romania. Ukapitia Kiingereza, ukatua katika kurasa zetu za michezo neno kwa neno. Lugha hukopa, na hakuna haja ya kulia kwa sababu hiyo. Tatizo la msemo huu ni kwamba unadanganya. Kifo hakina nafasi ya pili, ilhali kundi la timu tano lina mechi nne, na anayepoteza ya kwanza bado ana tatu. Isitoshe, katika kundi lile la 1970 timu mbili zilifuzu kama kawaida, Brazili na Uingereza hizo hizo.

Kuna na sababu nyingine ambayo ingemfanya mkazi wa Nakuru autafune msemo huo kwa uangalifu kabla ya kuutema. Mwishoni mwa Januari 2008, katika mitaa hii hii, maneno kundi na kifo yalikaa pamoja bila mzaha wowote, watu wakipangwa kwa majina yao ya ukoo na kwa lugha za mama zao. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilikuwa zikichezwa Ghana majuma hayo hayo. Kibanda cha mpira ni miongoni mwa mahali pachache mjini ambapo Mkikuyu, Mkalenjini, Mluhya, Mjaluo na Mkisii hubishana kwa sauti ya juu, wakaitana vichaa, kisha wakachanga nauli pamoja. Lugha inayowawezesha kufanya hivyo inastahili istilahi nzuri kuliko hiyo.

Turudi kwenye bahati, maana shabiki naye ana hoja. Ikiwa kuna nchi yenye haki ya kuilalamikia kura ya kuokota, ni Kenya. Harambee Stars walishiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1990, 1992, 2004 na 2019, na katika awamu zote nne walipangwa kundi moja na Senegali. Mara ya kwanza walitoka sare tasa. Mara tatu zilizofuata walifungwa mabao 3-0, 3-0 na 3-0. Mtu akiliita jambo hilo mkosi, ni vigumu kumcheka.

Hata hivyo, hebu itazamwe kwa makini kura ya mwaka 2019, iliyofanyika tarehe 12 Aprili karibu na piramidi za Giza. Timu 24 ziligawanywa katika vyungu vinne vya timu sita sita, kwa kufuata viwango vyao, na kila kundi likachukua timu moja kutoka kila chungu. Senegali ilikuwa katika chungu cha kwanza, Aljeria katika cha pili, Kenya katika cha tatu, Tanzania katika cha nne. Shabiki aliyekesha akipiga hesabu alijua, au alipaswa kujua, kwamba timu iliyo katika chungu cha tatu lazima ikutane na jabali moja kutoka chungu cha kwanza na jingine kutoka cha pili. Bahati iliachiwa kuchagua majina ya majabali hayo tu. Kuwapo kwake kulikwisha amuliwa na miaka kumi na mitano ambayo Kenya ilikuwa haijafuzu. Chungu cha tatu hakiokotwi. Hujengwa polepole, kwa ligi isiyolipa wachezaji kwa wakati, kwa viwanja vilivyofungwa, kwa mashauri mahakamani. Mkono unapoingia chunguni, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa na mikono mingine.

Yaliyofuata kule Misri yanajulikana. Aljeria ilishinda 2-0, Kenya ikaifunga Tanzania 3-2 baada ya kutanguliwa mara mbili, kisha Senegali ikaikomoa Kenya kwa yale mabao matatu ya desturi, japo zaidi ya saa moja ya mchezo ilikuwa imepita bila bao. Aljeria na Senegali zilikutana tena katika fainali, Aljeria ikaibuka bingwa. Wengi walisema: mnaona, tulipangwa na timu mbili za fainali! Waliosema hivyo walisahau kutupia jicho Kundi B. Madagaska, iliyotoka katika chungu kile kile cha tatu na iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza, iliongoza kundi lenye Nijeria, ikiifunga Nijeria yenyewe 2-0, na ikafika robo fainali. Nijeria nayo ilikuwa jabali la chungu cha kwanza.

Kuna kisa kinachouma zaidi. Aprili 2022, CAF ilipanga makundi ya kufuzu kwa fainali za 2023. Kenya iliwekwa pamoja na Kameruni, Namibia na Burundi. Kwa mizani ya mashabiki, kura haijawahi kuwa na huruma kama hiyo: timu mbili zilihitajika kufuzu, Kameruni ingechukua nafasi moja, na nyingine ingegombewa na timu ambazo Kenya haikuwa na sababu ya kuziogopa. Hesabu zikapigwa. Zilipigwa bure, kwa sababu Kenya ilikuwa imesimamishwa na FIFA tangu Februari, baada ya serikali kulivunja shirikisho la nchi mnamo Novemba 2021 kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Mei ikafika marufuku ikiwa palepale, CAF ikaiondoa Kenya katika kundi. Kiti kilichobaki wazi kilikuwa na faida kwa wengine: Namibia ikafuzu, ikaenda Kodivaa, ikaishinda Tunisia na kufika raundi ya timu kumi na sita. Kundi jepesi kuliko yote halikuchezwa hata dakika moja. Aliyetafuta wa kumlaumu hangempata ndani ya chungu.

Orodha ya namna hiyo ni ndefu. Fainali za 1996 zilikuwa ziandaliwe Kenya. Zikahamishiwa Afrika Kusini, na wenyeji hao wapya wakalitwaa kombe. CHAN ya 2018 ilikuwa iandaliwe Kenya. Mnamo Septemba 2017 CAF iliipokonya kwa kuchelewa kwa matayarisho, ikaipa Moroko, na Moroko ikalitwaa kombe. Sasa kumbuka kwamba moja ya yale mataji manne yaliyowatia mashabiki hofu Januari 2025 ni taji hilo hilo la 2018. Moroko ilifika katika Kundi A ikiwa imevaa nishani iliyopatikana katika karamu ambayo Kenya ilishindwa kuiandaa.

Na hiyo Januari 2025 yenyewe ilikuwa na habari mbili, si moja. Fainali zilikuwa zianze tarehe 1 Februari. Tarehe 14 Januari, siku moja tu kabla ya makundi kupangwa, CAF ilitangaza kwamba zimeahirishwa hadi Agosti ili viwanja na miundombinu mingine ipate muda wa kukamilika. Habari ya kwanza ilihusu jambo ambalo mikono ya watu ililifanya au haikulifanya. Ya pili ilihusu vijikaratasi. Ni ya pili iliyowakesha watu. Hali kadhalika, tarehe 7 Desemba 2024, majuma matano na ushei kabla ya hapo, wajumbe wa Shirikisho la Kandanda la Kenya, FKF, walipiga kura ya aina nyingine, wakamchagua Hussein Mohammed kuwa rais mahali pa Nick Mwendwa. Kura hiyo haikuzaa robo ya mabishano yaliyozaliwa na jina la Angola.

Atatokea msomaji wa kusema kwamba shabiki hana kura katika FKF, kwamba wanaochagua ni wajumbe, na kwamba mtu hubishana juu ya lile analoliona kwenye runinga. Pingamizi hiyo ni ya haki, na ndiyo kiini cha suala lenyewe. Mtu asiyeulizwa maoni yake juu ya jambo huanza kuliona kama mvua au kiangazi. Akishazoea, hata siku anapoulizwa hujibu kwa lugha ya mvua na kiangazi. Lakini wajumbe wa matawi ya kaunti hawashuki kutoka mbinguni. Nakuru ina vilabu, vilabu vina wanachama, na wanachama hao ndio wale wale walioketi kwenye duka la kinyozi wakipiga hesabu za vyungu. Mwenye akili ya kufumbua tofauti ya mabao kati ya timu nne za nafasi ya tatu hashindwi kusoma taarifa ya fedha ya klabu yake.

Hapa ndipo chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina la kufanya, na si lazima liwe kubwa. Kwanza ni istilahi. Neno droo, ambalo redio zimelipenda, lina kasoro ya wazi: timu zinapangwa kwa droo, kisha zinacheza na kutoka droo. Mtoto anayesikiliza atafahamu vipi kwamba la kwanza ni kura na la pili ni sare, wakati lugha yake tayari ina maneno yote mawili? Vyungu ni neno zuri, linaeleweka hata na bibi asiyejua mpira, na linafaa kushikiliwa. Kundi gumu linatosha mahali pa kundi la kifo. Anayetaka chumvi zaidi na aseme kundi la miiba. Pili, mabishano haya yanastahili kurekodiwa na kuchunguzwa. Tasnifu kuhusu lugha ya wanasiasa zimejaa kwenye rafu za maktaba, ilhali hoja zinazojengwa kila Jumapili karibu na Afraha, kwa -ki- na -nge- zilizopangika kuliko za hotuba nyingi, hupotea na mvuke wa chai.

Tena, ubashiri wenyewe si dhambi. Palikuwa na maswali mazuri ya kuuliza juu ya Kundi A, na wachache waliyauliza. Kongo iliyoogopwa ni ipi, ikiwa wale wanaocheza Ulaya hawaruhusiwi? Kwa kuwa kundi lina timu tano na kila awamu moja hupumzika, mapumziko ya Kenya yanaangukia wapi? Ni nani atakayeifunza timu, maana siku ya kura ilikuwa haijapata kocha wa kudumu, na Benni McCarthy hakuajiriwa hadi Machi? Na kwa kuwa wenyeji watatu na Senegali, bingwa mtetezi, waliwekwa vichwani mwa makundi manne, je, hakuna aliyeona kwamba safari hii Senegali haikuweza kuangukia kundi la Kenya hata chungu kingepinduliwa juu chini?

Agosti ilipofika, Kenya iliifunga Kongo 1-0. Ikatoka sare ya 1-1 na Angola ikiwa na wachezaji kumi kwa sehemu kubwa ya mchezo. Ikaifunga Moroko 1-0, tena ikiwa na wachezaji kumi kipindi chote cha pili. Ikamalizia na Zambia, 1-0. Alama kumi, kileleni mwa kundi, mbele ya Moroko iliyopata tisa na ambayo mwishoni ndiyo iliyolinyanyua kombe, kwa mara ya tatu, pale Kasarani. Kwa kuongoza kundi, Kenya iliepuka robo fainali dhidi ya Tanzania mjini Dar es Salaam. Jukumu hilo likawa la Moroko. Kenya ilibaki nyumbani kuisubiri timu ya pili ya Kundi B, ambayo ilikuwa Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini. Vibandani ilihesabiwa kuwa kazi nyepesi. Aliyekumbuka mwaka 2019 alinyamaza.

Tarehe 22 Agosti mchezo uliishia 1-1, na muda wa nyongeza haukubadilisha kitu. Madagaska ikashinda kwa penalti, 4-3. Usiku huo, pengine kwa mara ya kwanza katika historia ya mabishano ya Nakuru, sentensi ya tungepangwa kwingine haikuwa na pa kushika, kwa sababu kundi lililoitwa la kifo lilikuwa limeongozwa, na mpinzani aliyefuata ndiye ambaye wengi wangemchagua kwa hiari yao kama wangepewa kalamu. Mabishano yalilazimika kuhamia kwingine: nani alipangwa kupiga penalti, kwa nini yeye, kwa mpangilio gani, na timu ilikuwa imezifanyia mazoezi siku ngapi.